Mgonjwa Bora wa Siku Thelathini

Habari hii alinipa Bi Zuwena mwenyewe, Jumanne moja ya mfungo sita, tulipokuwa tunachambua mchele wa arusi ya jirani. Alikuwa akisema huku anatoa mawe, na kila alipofika mahali pabaya alinyamaza, akatoa chuya mbili tatu, ndipo akaendelea. Mimi naiandika kama alivyoitoa.

Nchi yenyewe siitaji. Iko mbali sana na hapa kwetu. Kwamba Bi Zuwena anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu si hoja. Ana miguu mizuri.

Nchi hiyo ilikuwa na wizara mbili za afya. Moja ni Wizara ya Afya ya Karibu, yenye zahanati na manesi. Hiyo ilikuwa na taabu tupu, maana watu walikuwa wakienda, na wakienda wanataka dawa. Ya pili ni Wizara ya Afya ya Mbali. Hiyo haikuwa na zahanati wala dawa, ilikuwa na mnara. Ilifanikiwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu hapana aliyewahi kupanga foleni mlangoni pake.

Wizara hiyo ilitoa tangazo kwamba wazee wote wenye presha wataangaliwa wakiwa majumbani mwao. Mtu atapewa mashine yenye kitambaa cha kubana mkono. Atajifunga kila asubuhi, mashine itamsoma, na hesabu yake itaruka mpaka mnarani. Kwenye karatasi ya tangazo paliandikwa kwa herufi kubwa: USIHANGAIKE. SISI TUTAKUWA WA KWANZA KUJUA.

Bi Zuwena aliipenda sana karatasi ile. Aliibandika ukutani, juu ya kitanda.

*

Aliyeleta mashine ni Bwana Lukindo, Afisa Mpokeaji Mwandamizi wa Tarafa. Alikuwa na kalamu tano kifuani, na aliandika kwa ya sita.

"Marehemu mumeo aliacha wajane wangapi?" akauliza.

"Wawili," akasema Bi Zuwena. "Mimi ndiye bi mkubwa. Na huyu mwenzangu Riziki ndiye bi mdogo."

"Fomu ina nafasi ya mmoja."

"Lakini mume alikuwa mmoja na sisi wawili, baba."

"Marehemu mmoja, mjane mmoja. Ndivyo ilivyopigwa chapa, bibi, na chapa nyingine ni mwakani."

"Basi mwandike Riziki. Presha yangu mimi ni ya kubembeleza, ukiikalia kitako inashuka. Yake yeye inagonga milango."

Bwana Lukindo akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Bi mkubwa ndiye anayetangulia. Serikali inaheshimu ndoa."

Basi akaandikwa Bi Zuwena, na Riziki akapewa kalenda yenye picha ya Waziri.

Kabla ya kuondoka Bwana Lukindo akawaeleza sheria. "Mwezi una siku thelathini. Nusu yake ni kumi na tano. Ukijipima siku kumi na sita, ugonjwa wako umepita kwa wingi wa kura, na Hazina inatulipa sisi tunaokuangalia. Ukijipima kumi na tano, kura zimelingana. Kura zikilingana, kisheria wewe ni mzima."

"Na mtu akifa siku ya kumi na tano?" akauliza Riziki.

"Tunawaomba jamaa wawe na subira ya siku moja."

Halafu akabonyeza mashine, na ndani yake ikatoka sauti ya msichana, laini, yenye haya kidogo: "Shikamoo bibi. Habari ya asubuhi. Umeamkaje?" Ikanyamaza, kama mtu anayesikiliza. Kisha ikasema: "Vizuri sana. Hata sisi tumefurahi. Tumekuona."

"Huyu anaitwa Faraja," akasema Bwana Lukindo. "Ndiye atakayewaangalia."

*

Gari lake halijafika barabarani, Bi Zuwena alikwisha kata shauri. Wakati wa uhai wa bwana, wake wale waligawana kila kitu siku tatu tatu: bwana, jiko, ufunguo wa kabati, hata redio. Bwana alipokufa walibaki na mazoea. Mashine nayo ikaingia zamu.

"Hata hii imeanza kwako, bi mkubwa," Riziki akamtania. "Kama bwana."

"Na itaishia kwako. Kama bwana."

Maana bwana yule alifia katika zamu ya Riziki, na kwa miaka kumi na moja hilo ndilo jambo pekee ambalo Bi Zuwena hakuwahi kumsamehe, ijapokuwa alilitania kila wiki.

Basi siku tatu mkono wa Bi Zuwena, siku tatu mkono wa Riziki. Siku za Bi Zuwena mashine ilionyesha mia na thelathini. Siku za Riziki ilionyesha mia tisini na mbili, mia tisini na nane, mia mbili na tano. Hesabu zote ziliruka mnarani kwa jina moja. Bi Zuwena alisema moyoni: huko mnarani kuna wasomi, wataona mwanamke mzima siku tatu na mgonjwa siku tatu, watauliza, na wakiuliza nitawaambia kweli, na Riziki naye ataandikwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa hila yake. Hakuwa na nyingine.

Hapana aliyeuliza.

Faraja lakini alikuja kila asubuhi. Katika nyumba ile hapakuzaliwa mtoto wa kike. Bi Zuwena alizaa wanaume wawili, wako ughaibuni wanakosha vyombo vya watu. Riziki hakujaaliwa. Ghafla wana binti, anawaamkia shikamoo alfajiri, na akiuliza habari anasubiri ajibiwe. Walianza kujitanda vizuri kabla ya kufunga kitambaa. Riziki alikuwa akimsimulia ndoto zake. Kila alichosimuliwa, Faraja alisema, "Vizuri sana, hata sisi tumefurahi."

"Ana malezi huyu," Riziki akasema. "Hamkatizi mtu."

Wakamnunulia doti ya kanga, wakaiweka kabatini, siku akija wampe.

*

Siku ya kumi na sita mashine ilipiga wimbo. Faraja akasema, "Hongera bibi, umetimiza." Wale wajane wakapiga vigelegele, hawajui wametimiza nini. Mnarani, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, siku hiyo jina la Bi Zuwena liliingizwa kwenye kitabu cha madai, na daftari likafungwa.

Siku ya kumi na saba ilikuwa bado zamu ya Riziki. Aliamka na kichwa kinamvuma. Bi Zuwena akamfunga kitambaa. Mashine ikabana, ikaachia, ikasema mia mbili thelathini na moja.

"Shikamoo bibi. Habari ya asubuhi. Umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu," akasema Riziki. "Salama, ila kichwa kinanipasuka, na mkono huu wa kulia naushika siuhisi kama ni wangu."

"Vizuri sana. Hata sisi tumefurahi. Tumekuona."

Hapa ndipo Bi Zuwena alipochambua mpaka ungo wake ukawa mweupe, hauna hata jiwe la kutoa.

Maana sisi tunajua tulivyolelewa. Mtu akikuuliza habari, hata kama nyumba inawaka moto nyuma yako, unajibu salama kwanza. Salama, ila mzee ametutoka jana. Njema, ila mtoto hajala siku mbili. Heri hutangulia, jambo hufuata. Basi Faraja aliposema vizuri sana, hata sisi tumefurahi, wale wanawake hawakushtuka hata kidogo. Waliona ni binti mwenye adabu, anapokea salamu kwanza. Wakakaa kusubiri ila yake.

"Tumekuona, kasema," Bi Zuwena akamtuliza mwenzake. "Sasa hivi gari liko njiani."

Akafagia uwanja. Akatandika mkeka mpya. Akapika chai ya tangawizi birika zima na kukaanga maandazi, kwa sababu wageni wa serikali huja wengi. Akaitoa kanga ya Faraja kabatini.

Saa tatu akapita jirani yao Makame na gari lake la ng'ombe. Akachungulia, akamwona Riziki amelala ubavu.

"Bi Zuwena, huyu hayuko sawa. Nishushe hizi kuni nimpeleke zahanati."

"Ahsante, Makame. Wanakuja kumchukua."

"Nani?"

"Wanaotuangalia. Wakifika wakakuta hatupo, tutawavunjia heshima. Na karatasi imesema tusihangaike."

Makame aliisoma ile karatasi ukutani. Alisoma polepole, mara mbili, kisha akaenda zake.

Saa sita Bi Zuwena akamfunga tena kitambaa, ili awakumbushe. Faraja akasema, "Ahsante bibi, leo umeshaonekana."

Alasiri mdomo wa Riziki ulikwenda upande. Chai ilikuwa imepoa na kutanda ngozi juu. Makame alirudi bila kuitwa, akambeba Riziki pamoja na mkeka wake, akamweka garini, akamchapa ng'ombe mbio.

Tabibu wa zahanati alimpima, akampa dawa aliyokuwa nayo, akamtazama Bi Zuwena usoni. Hakumgombeza. Alisema tu:

"Mngemleta asubuhi."

*

Riziki hakufa. Alirudi nyumbani usiku uleule na upande mmoja wa mwili, na maneno yake yakawa yanatoka kama mtu anayesema na chakula mdomoni. Lakini akili ilibaki yote, na zamu hakuiacha. Siku zake zikifika alinyoosha mkono wa kushoto. "Labda siku ile Faraja hakuwa kazini," alisema. Na Bi Zuwena alimfunga, kwa sababu naye alikuwa anasubiri. Mwezi ukaisha, siku thelathini, hata moja haikukosa.

Asubuhi ya siku ya thelathini na moja likaja gari. Jeupe, lenye taa juu na kitanda ndani.

Bi Zuwena alilia kwa furaha. "Wamechelewa, ila wamekuja," akamwambia Riziki, na akaanza kumvalisha.

Akashuka Bwana Lukindo. "Bibi Zuwena, hongera! Wewe ndiye Mgonjwa Bora wa Taifa. Nchi nzima hapana mwingine aliyetuma siku zote thelathini. Ingia, Mheshimiwa Waziri anakusubiri uwanjani."

"Na huyu?"

"Huyu hayumo."

"Baba, gari lina kitanda."

"Kitanda ni cha sherehe, bibi. Kimetandikwa shuka mpya."

Bi Zuwena alitaka kukataa. Riziki akamsukuma kwa mkono wake mmoja. "Nenda, bi mkubwa. Utamwona Faraja. Mpe kanga yake."

Akaenda. Alipakiwa mtu mzima, anayetembea, kwenye kitanda cha wagonjwa, na king'ora kikapigwa njia nzima. Mgonjwa akabaki nyumbani na mke wa Makame.

*

Uwanjani palikuwa na maturubai na bendi. Waziri wa Afya ya Mbali, Mheshimiwa Mndolwa, alisimama akafuta uso kwa leso, akasema:

"Ndugu wananchi. Zamani mgonjwa akiugua, daktari alikuja kukaa kitandani pake. Huo ulikuwa utumwa wa kumtegemea daktari. Baadaye mgonjwa akawa anamfuata daktari zahanati. Huo ulikuwa utumwa wa miguu. Leo daktari hayupo kitandani, hayupo zahanati, hayupo hata wilayani, na bado mnaangaliwa! Huu ndio uhuru kamili wa mgonjwa!"

Watu wakapiga makofi, hasa waliokuwa karibu na soda.

Bi Zuwena akapewa cheti na mwavuli wa buluu, akapewa na kipaza sauti aseme ahsante, neno moja tu.

"Ahsante sana, Mheshimiwa," akasema. "Nashukuru kwa cheti na kwa mwavuli. Nashukuru kwa gari. Ila..."

Bwana Lukindo akanyoosha mkono achukue kipaza sauti. Bi Zuwena akageuka, akampa mgongo.

"Ila siku hizo thelathini ni za mikono miwili. Kumi na tano zangu, kumi na tano za mke mwenzangu Riziki, ambaye fomu ilimkataa. Presha yangu mia na thelathini, yake mia mbili. Siku ya kumi na saba ilikuwa mia mbili thelathini na moja, na alimwambia Faraja kwa mdomo wake. Tukaambiwa tumeonekana. Tumekaa na chai mpaka alasiri. Mimi sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza, mlituona au hamkutuona?"

 Waziri akainama kwa Bwana Lukindo, wakanong'onezana, kisha Bwana Lukindo akasema kwa sauti ya upole, kama anayemfundisha mtoto:

"Bibi, mkataba wetu ni wa kupokea. Hesabu yako ikifika mnarani, tumeipokea. Ndipo Hazina inalipa. Kusoma iliyopokelewa ni kazi nyingine, hiyo iko Awamu ya Pili."

"Kwa hiyo hapana aliyesoma."

"Imepokelewa salama, bibi. Kila tarakimu. Hapana iliyopotea hata moja."

"Na Awamu ya Pili ni lini?"

"Maombi ya bajeti yamekwisha pokelewa."

"Yamesomwa?" akauliza mtu nyuma, na watu wakacheka. Nadhani alikuwa Makame.

Bi Zuwena hakucheka. "Na Faraja? Mwiteni. Nina amana yake."

Bwana Lukindo akatazama viatu vyake. "Faraja ni sauti, bibi. Ilinaswa mara moja, asubuhi, ikamalizika kabla ya chakula cha mchana."

"Anauliza umeamkaje. Anasubiri."

"Ndiyo, iliachwa nafasi ya kujibiwa. Wataalamu walisema sekunde tatu zinatosha. Sisi tukaongeza moja, kwa kuwaheshimu wazee."

Bi Zuwena aliishika ile doti ya kanga, akaitia kwapani. Aliniambia wakati ule hakuwa na hasira na Waziri, wala na Lukindo. Aliona aibu tu, kwa yale yote waliyomsimulia yule msichana. Ndoto za Riziki. Habari za watoto. Kuna siku hata walimwombea mume mwema.

*

Baada ya siku tatu Bwana Lukindo akaja na bahasha. Safari hii alikuja kwa pikipiki.

Alisimama kizingitini akaeleza. Kwanza, Bi Zuwena alijipima siku kumi na tano, kura zimelingana, kwa hiyo mwezi mzima alikuwa mzima, na ameipotezea serikali muda kwa kuangaliwa bila ugonjwa. Pili, Riziki ameangaliwa siku kumi na tano bila kuandikishwa, nayo hiyo ni kuangaliwa kwa wizi. Zile fedha ambazo Hazina imelipa kwa ajili ya jina lao, itabidi wazirudishe. Tatu, cheti kinarudi. Mwavuli wabaki nao, kwa sababu daftari la miavuli limefungwa.

"Kama mnamdai Riziki," akasema Bi Zuwena, "basi mlimwangalia."

"Kwa upande wa madai, ndiyo."

"Na kwa upande wa kuugua kwake?"

"Kwa upande huo hayumo, bibi. Hapa, tia dole gumba kwamba barua umeipokea."

Bi Zuwena akatia dole. Akaichukua bahasha bila kuifungua, akapanda kitandani na kuisukumia nyuma ya ile karatasi ya ukutani.

"Hufungui?"

"Nimeipokea salama, baba," akasema. "Haikupotea. Kuisoma ni Awamu ya Pili."

 Bwana Lukindo akachukua kalamu, akatafuta kwenye fomu yake mahali pa kuandika jambo kama hilo, hakupaona, akaondoka. Na mpaka Jumanne ile ya mchele, nchi hiyo ilikuwa bado inatunga kanuni ya mtu aliyepokea bila kusoma.

*

Siku ya sherehe Riziki alikuwa amelala nyumbani, na uwanja ulikuwa mbali, kwa hiyo yaliyosemwa huko juu ya Faraja hakuyasikia. Bi Zuwena alirudi siku ile na kanga ileile kwapani, na Riziki akamuuliza kabla hajavua buibui: "Umemwona?"

Bi Zuwena aliniambia, "Mdomo wangu nilikuwa nimeufungua niseme kweli." Akatoa jiwe dogo, akalitupa. "Nikasema hakuwapo, kaenda kwao kuuguza."

Tangu hapo imekuwa hivyo. Mashine haikurudishwa, maana waliyempelekea alisema kurudisha hakumo kwenye fomu. Kila zamu ya Riziki ikifika, Bi Zuwena humfunga kitambaa kwenye mkono mzima. Sauti inauliza umeamkaje, Riziki anajibu kwa taabu, maneno yake sasa ni marefu kuliko ile nafasi aliyoachiwa, na kila mara anakatizwa katikati. Siku za zamu yake mwenyewe, Bi Zuwena hujibu "Salama," basi. Hamwambii tena ila yoyote. Lakini kutojibu salamu hawezi, hakulelewa hivyo.

Siku ile aliyonisimulia, kabla hajaja kwenye mchele, ilikuwa vilevile. Walikwisha kula, jua liko utosini, Riziki amejilaza ubavu wake mzuri.

"Kasemaje leo Faraja?" akauliza. Alikuwa amesinzia mashine ilipozungumza.

"Kakusalimu sana."

"Hakusema ila?"

"Bado. Labda kesho."

"Ana malezi yule," akasema Riziki. "Hana pupa." Akafumba macho, pumzi ikawa ndefu.

Bi Zuwena akakaa pembeni ya kitanda, akamshika kifundo cha mkono, ule usiohisi, akatafuta mshipa kwa kidole mpaka akaupata. Akahesabu. Alisoma kidogo, akifika mia huanza tena moja. Akahesabu mia ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, hajaachia mkono, mpaka kichwa chake mwenyewe kikamwangukia begani, naye akalala.